Mwendo wa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alisoma mita za maji kwa miaka ishirini na saba. Kazi yenyewe ni kutembea. Unaingia uani kwa watu, unafunua mfuniko wa chuma, unafuta vumbi kwenye kioo, unaandika namba kwenye daftari, unafunika, unatoka. Nyumba mia nne na kitu kila mwezi, zote kwa miguu. Wenzake walimwita Chapu, kifupi cha chapuchapu, kwa sababu alitoka saa moja asubuhi na kufikia saa sita alishakuwa ofisini, daftari mezani, anakunywa maji kwa kikombe cha bati wakati wengine hawajafika hata nusu ya njia. Walimtania kwamba mbwa wa mtaani waliacha kumfukuza kwa aibu ya kushindwa.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi hiyohiyo. Madaftari ya wasomaji yaliletwa mezani kwangu, nami nikaingiza namba kwenye kompyuta. Yeye ndiye aliyeniambia nafasi imetangazwa, na ndiye aliyenisindikiza siku ya usaili, mimi nikimfuata nyuma nusu nakimbia, viatu vya kuazima vinanibana. Nilikula kwake, nililala kwake wiki nzima kabla sijapata chumba. Sikuwa mtu baki.

Alikuwa mpole, maneno yake ya kuhesabu. Sijapata kumsikia akipandisha sauti. Lakini asubuhi moja Dada alifika kwangu jicho la kushoto limevimba mpaka limefumba, na nyusi imepasuka. Nikachemsha maji, nikamkanda kwa kitambaa, yeye akanieleza. Alisema shemeji yako kanipiga akiwa usingizini. Kaota mbwa anamrukia, akajitetea. Akasema si mara ya kwanza, ni mwaka wa tatu sasa anapiga kelele, anarusha mateke, juzi kaanguka kitandani akagonga bega kwenye kabati. Ukimwamsha anaamka mara moja, akili timamu, anakusimulia ndoto yote, halafu anakuta taa imevunjika na hajui nani kaivunja.

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Nilimwambia kila mke aliyepigwa ana maelezo yake.

"Hakupigana na mimi," Dada alisema. "Alipigana na mbwa."

Sikumwamini. Alipoondoka nikampigia simu Kaka.

Kaka yetu ni fundi ujenzi, mtu wa kauli nzito, anazungumza kana kwamba kila neno ni tofali analipanga. Jumapili hiyo tulikwenda kumkalia Shemeji kikao sebuleni kwake: Kaka, mimi, na shangazi yetu aliyekuwa bado hai. Shemeji aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Kaka aliongea karibu saa nzima. Alisema hatukumtoa dada yetu aje kufanywa ngoma. Dada alijaribu mara tatu kusema kwamba mume wake alikuwa amelala, na mara ya tatu Shangazi akamwambia anyamaze, asijitie aibu zaidi. Mwishowe Kaka akamtaka Shemeji atoe jibu lake.

"Nilikuwa nimelala," alisema.

Kaka akacheka kicheko kikavu, akamuuliza mtu aliyelala ngumi huitoa wapi. Shemeji aliitazama mikono yake kama vile swali limeulizwa mikono hiyo. Kaka akamwambia ikitokea tena tunamchukua dada yetu, na hatutapiga hodi. Kisha tukanywa chai, kwa kuwa ilishamiminwa, tukaondoka.

Tangu siku hiyo Shemeji alihamia sebuleni. Alisogeza meza ukutani, akatandika godoro sakafuni, mbali na kila chenye ncha. Dada anashona sare za shule, kwa hiyo vipande vya kitambaa haviishi nyumbani kwao. Shemeji alimwomba amshonee mkanda mpana wa vipande hivyo, na kila akienda kulala alijifunga kifundo cha mkono kwenye mguu wa kochi. Waliishi hivyo miaka sita. Wageni wakija, godoro husimamishwa nyuma ya mlango.

Mimi naye tulibaki na salamu za kazini. Alileta daftari, nikasema asante, akaondoka. Utani wa mtu na shemeji yake, ule wa kuulizana nani atamwozesha nani, ukafa. Niliona ndiyo adhabu yake, na niliona ni ndogo.

Mabadiliko niliyaona kwanza kwenye namba. Shemeji alikuwa na mwandiko mkubwa, saba zake zina kofia pana, sufuri zake ungeweza kuzivaa kidoleni. Mwaka wa tano wa kimya chetu zikaanza kupungua. Ukurasa ulianza na namba za kawaida, na kufika chini zikawa kama mayai ya chawa. Nilikuwa nalipeleka daftari lake dirishani ndipo nisome. Nikamtuma msomaji mwenzake amwambie aandike kwa ukubwa. Akaandika kwa ukubwa wiki moja, kisha zikarudi kulekule.

Halafu mkono. Dirisha la ofisi yangu linatazama uwanja, na kutoka getini hadi mlangoni ni kama hatua arobaini. Asubuhi moja nikamwona anakuja. Mkono wa kulia ulikwenda na miguu kama kawaida. Wa kushoto ulikuwa umekunjika kidogo kwenye kiwiko, umetulia ubavuni, kama wa mtu aliyebana gazeti kwapani. Gazeti halikuwepo. Nikasema moyoni, maringo hayo, na umri wote huo. Siku zilivyokwenda nikaanza kumsikia kabla ya kumwona, kwa sababu mguu wa kushoto haukuwa ukinyanyuka vizuri tena. Ulikuwa unasugua. Kiatu cha kulia kinagonga, cha kushoto kinapiga mswaki.

Akawa anarudi saa saba, kisha saa nane. Msimamizi alipomuuliza, alisema nyumba zimeongezeka. Ni kweli zilikuwa zimeongezeka, hakuna aliyemtia neno zaidi. Kulikuwa pia na kisa cha panya. Alifunua mfuniko kwa mtu, chini kuna panya aliyekufa siku nyingi, mwenye nyumba akakimbilia ndani ameziba pua, Shemeji akainama, akafuta kioo, akaandika namba bila haraka, akauliza kuna nini. Wasomaji walikicheka kisa hicho wiki nzima. Walisema Chapu ana pua ya chuma. Nami nilicheka.

Aliyemwona sawasawa hakuwa mmoja wetu. Kwenye njia yake kulikuwa na mwanamke mstaafu, zamani mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, mtaa mzima unamwita Mama Viungo. Asubuhi huketi barazani kwake. Alitusimulia baadaye kwamba mwendo wa Shemeji alikuwa anaujua kwa miaka kumi, kama unavyojua kikohozi cha jirani. Siku hiyo alimwangalia akimaliza kusoma mita na kugeuka. Zamani aligeuka kwa mguu mmoja, mara amekwisha. Siku hiyo alikanyagakanyaga palepale, hatua ndogondogo tano, sita, mwili wote ukizunguka kwa pamoja kama kabati linalohamishwa na watu wawili.

Akamwita. Akamwomba atembee hadi getini na kurudi. Akamuuliza kama mkono unamuuma, akasema haumuumi. Ndipo akamuuliza analala vipi.

Kwa miaka sita hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulikuwa tumemwambia mengi, ila kumuuliza, hapana. Alisimama pale na daftari lake, akamweleza yote, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka: mbwa, taa, nyusi ya mkewe, kikao, godoro, mkanda. Mama Viungo alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akaandika barua ya kwenda kliniki ya mishipa ya fahamu kwenye hospitali kubwa, akamwambia asiende peke yake, aende na mtu anayeujua usingizi wake.

Barua ilikaa wiki tatu chini ya cherehani, kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na Dada alikuwa na sketi sitini za kumaliza. Alipomaliza, aliniomba niende nao. Alisema mimi najua kuongea na watu wa maofisini. Nilikubali kwa ajili yake.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, sauti ya chini. Alituketisha, akamgeukia Dada badala ya mgonjwa. Akamuuliza mumewe hufanya nini akiwa usingizini. Je, huamka akatembeatembea? Hapana. Macho yake huwa yamefumba au wazi? Yamefumba. Ukimwamsha anakuwa amechanganyikiwa? Hapana, anakuwa sawa kabisa, anakueleza alichoota. Daktari aliandika kila jibu. Kisha akatueleza, taratibu, kwamba mtu anapoota ubongo huuzima mwili, kama unavyozima mashine kwenye swichi, ili miguu isiifuate ndoto. Kuna watu ambao swichi hiyo huharibika. Wanachokiota wanakifanya.

"Huyu hakupigi," alimwambia Dada. "Huyu anaota kwa mwili mzima."

Alisema atahitaji kuhakikisha kwa kumlaza hospitalini usiku mmoja, amefungwa nyaya kichwani na miguuni, na baadaye ndivyo walivyofanya na ikawa hivyohivyo. Lakini siku ile mimi nilishajua. Nilimtazama Shemeji. Alikuwa anaangalia kalenda ukutani. Nilingoja kitu kinipande kifuani, aibu, au machozi. Hakikupanda kitu. Nilisikia feni. Niliwaza kama nimefunga dirisha la ofisi.

Daktari akasema sasa anataka kumwona akitembea. Alitupeleka kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, sakafuni kumebandikwa utepe mwekundu huku na mwingine kule, mita kumi kati yake. Muuguzi akamvalisha Shemeji mkanda kiunoni wenye kidude kidogo cha kupimia, na vidude vingine viwili vifundoni. Akatembea kwa kawaida. Akatembea kwa haraka. Mara hizo mbili alijitahidi, kifua mbele, ungesema hana tatizo. Halafu daktari akamwambia atembee huku anahesabu kurudi nyuma kutoka mia, akitoa saba saba.

Akaanza. Mia. Tisini na tatu. Hatua zikafupika. Kiatu cha kushoto kikaanza kusugua, mkono wa kushoto ukaganda kabisa ubavuni. Alipofika themanini na sita, miguu ikasimama. Mtu aliyeishi na namba maisha yake yote alisimama katikati ya ukumbi, watu wanampita na machela, midomo yake inacheza. Akaipata sabini na tisa. Miguu ikaendelea.

Tukarudi ndani. Daktari hakutuzungusha. Alisema watu wengi wenye usingizi wa namna hii, si wote, lakini wengi, baada ya miaka huja kupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Alisema mwendo huanza kubadilika mapema, mwenyewe hajijui na nyumbani hawajui, kwa sababu mtu akiwa makini huuficha. Ukiipa akili kazi nyingine, miguu inasema kweli. Mwandiko uliopungua na pua isiyonusa vinaelekea upande huohuo. "Sisemi umeshaupata," alisema. "Nasema tuuangalie pamoja." Dawa ya kuuzuia usije hakuna. Kuna vidonge vya kutuliza usingizi, na kuna mazoezi, ambayo yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Na kila baada ya miezi sita arudi kutembea ukumbi ule.

Akamuuliza kama ana swali. Tulidhani atauliza ataanza kutetemeka lini, au kama ataachishwa kazi.

"Kwa hiyo nilikuwa nimelala," Shemeji alisema.

"Ulikuwa umelala," daktari akamjibu.

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akainama kufunga kamba za viatu.

Jioni nilimpigia Kaka. Nilimweleza yote, kuanzia swichi hadi ukumbi. Aliuliza kama ni kitu cha ukoo wao, kisha akasema wanamwaga zege, atapiga baadaye. Alipiga baada ya wiki mbili, akaongea na Dada kuhusu sare za wanawe. Mpaka leo hajaligusa jambo lile. Shangazi alikuwa ameshafariki, ameondoka na neno lake.

Mimi niliomba radhi. Nilichagua siku ambayo ofisi ilikuwa tupu. Aliingia, akaweka daftari mezani.

"Shemeji, naomba unisamehe," nilisema. "Nilikuona muongo."

"Ungejuaje," alisema.

Akafungua daftari, akaniwekea kidole kwenye mstari ulioloa, akaniuliza naona tatu au nane. Nikasema tatu. Akasema ni nane. Nikaandika nane. Ndiyo ikawa hivyo. Kama alinisamehe sijui, na kama alikuwa na hasira miaka ile yote pia sijui. Nafikiri mahali pale palishakufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Pangu pia.

Vidonge vya usingizi vilimfaa. Kelele zilipungua, mateke yakabaki mara mojamoja. Hata hivyo aliendelea kujifunga mkono kwa miezi miwili zaidi, hajiamini. Dada hakumshawishi. Siku moja tu alilikunja godoro, akalirudisha chumbani, akapanga vitanda viwili na nafasi ya mtu kupita katikati.

Walikwenda ukumbini kila miezi sita, na mara nyingine nilikwenda nao. Kila safari namba za kidude cha kiunoni zilishuka kidogo, si sana. Shemeji alipenda kuonyeshwa. Aliuliza urefu wa hatua ya kushoto, wa kulia, sekunde za kugeuka, akavikariri kama anavyokariri mita. Safari ya nne, alipokuwa anahesabu, kidole gumba cha mkono wa kushoto kilianza kusuguana na cha shahada, polepole, kama mtu anayeviringa ugoro. Daktari alikiangalia. Alimpima tena mikono, akamkunjakunja viwiko, akamtaka agonge vidole. Safari hiyo alilitaja jina la ugonjwa bila kulizungushia "huenda". Dada akauliza dawa ni saa ngapi na saa ngapi, kabla ya chakula au baada, akaandika nyuma ya bahasha. Njiani kurudi waliongea habari za zipu: muuzaji wao wa zamani amefunga duka, na za duka jipya zinakatika.

Kazini hakungoja kuambiwa. Aliikabidhi njia yake mwenyewe kwa mwanamke aliyehamishiwa kwetu kutoka stoo, akatembea naye mwezi mzima, akamwonyesha kila mfuniko, upi mzito, upi unakata vidole, na nyumba ya mbwa asiyebweka kabla ya kuuma. Yeye akapewa kiti karakanani, kupima mita zilizoletwa kwa kushukiwa ubovu. Maji yanapita, anakaa, anasoma. Alikaa hapo miaka miwili hadi alipostaafu. Kwenye sherehe ya kumuaga msimamizi alimwita Chapu kwa mara ya mwisho na watu wakapiga makofi. Shemeji alisema ahsanteni, akakaa.

Jumanne na Ijumaa huenda kwa Mama Viungo. Yule mama amechora mistari ya chokaa uani kwake, na Shemeji anapaswa kuivuka kwa hatua kubwa, mikono ikirushwa kama askari wa gwaride, anahesabu kwa sauti. Mama Viungo haoni huruma. Nilimsikia siku moja akimwambia kwamba hatua aliyopiga ni ya mtu anayenyatia jogoo, arudie. Shemeji akarudia. Dawa ikishaingia damuni, nusu saa hivi baada ya kuimeza, unaweza kumwona barabarani usijue. Ikianza kuisha, unajua.

Nimewatembelea Jumapili iliyopita. Dada alikuwa anakata kitambaa cha kaptula mezani, nami namshikia upande wa pili ili kisiteleze. Shemeji alisimama kwenda bafuni. Alivuka sebule vizuri, lakini alipofika kwenye fremu ya mlango akaganda. Hutokea hivyo siku hizi, hasa mlangoni. Miguu inakuwa kana kwamba imepigiliwa misumari, mwili unataka kwenda, nyayo hazitaki. Alishika fremu. Nami sikujua nifanye nini, nikabaki nimeshika kitambaa.

Dada aliweka mkasi chini, akaenda, akasimama pembeni yake, akanyoosha mguu wake mmoja mbele ya viatu vya mumewe, kama mtu anayetaka kumtega mwenzake aanguke. Ni ujanja waliofundishwa kliniki. Miguu ikikataa kutembea, mara nyingi inakubali kuvuka. Shemeji aliangalia chini, akaunyanyua mguu wa kushoto juu ya mguu wa mkewe, akavuka, na wa kulia ukafuata. Akaendelea na ukumbi, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Nilimuuliza Dada hufanya hivyo mara ngapi kwa siku. Alisema hajawahi kuhesabu, akachukua mkasi, akaniambia nivute kitambaa kiwe sawa.